Mlio wa Masikio Usiokoma: Unatoka Wapi na Uishi Nao Vipi

Wapo wanaosikia filimbi, wengine nyenje au mvumo wa mashine, na aliyeketi kando yao hasikii kitu. Huo si wazimu.

Ndani kabisa ya kila sikio kuna takriban seli 15,000 zenye vinyweleo, zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Zikifa kwa kelele, uzee au dawa kama antibiotiki ya gentamaisini, hazioti tena. Ubongo, ukikosa ishara ulizozizoea, huongeza usikivu wake, na mara nyingi mlio huzaliwa hapo. Ndiyo maana hupanda usiku, chumba kikinyamaza.

Kwa hiyo usiukimbilie ukimya. Wakati wa kulala, washa feni au rekodi ya mvua kwa sauti ya chini kabisa, kisha pandisha kidogo kidogo hadi ianze kuchanganyika na mlio. Simama hapo, mlio ukiwa bado unasikika: ukiufunika wote, ubongo utauzoea vipi? Kuzoea huchukua miezi, si siku, na tunajua subira hiyo ni ngumu kwa asiyepata usingizi. Tiba ya mazungumzo inayobadilisha namna ya kuupokea mlio hupunguza sana dhiki yake, hata sauti yenyewe ikibaki. Hakuna kidonge kilichothibitika kuuondoa, usipoteze fedha.

Pima usikivu pia, kwani wengi wenye mlio wamepungukiwa kusikia bila kujua, na kifaa cha kusaidia kusikia huwapa nafuu. Wakati mwingine tatizo ni nta tu. Usiichokoe kwa kijiti cha pamba, utaisukuma ndani zaidi. Ukishuku dawa unayotumia, mwone aliyekuandikia kabla ya kuiacha.

Sikio likiacha kusikia ghafla, hiyo ni dharura: fika hospitali siku hiyohiyo, maana dawa za steroidi, zinazotuliza uvimbe, hufaa zaidi zikianzwa mapema. Mlio unaodunda sambamba na mapigo ya moyo, ulio upande mmoja tu, au unaoambatana na kizunguzungu nao unahitaji uchunguzi wa daktari wa masikio.

Kazini, kelele ya desibeli 85 (kipimo cha ukali wa sauti) ni kwa saa 8 tu kwa siku. Kila zinapoongezeka 3, muda hupungua kwa nusu, hivyo kwenye 100 umebakiwa na dakika 15. Vaa vizibo penye kelele, na uvivue ukitoka: kuvivaa penye utulivu huukuza mlio.