Mfuko mbadala si kitambaa

Tangu Tanzania ipige marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, wengi huamini ule mfuko mbadala, mfuko laini anaoleta bodaboda na nyanya zako ni kitambaa, basi utaoza. Hauozi ng'o! Utazame juani: hauna uzi uliofumwa, una vidoti vidogo tu, mahali nyuzi zilipobanwa kwa joto. Nyuzi zenyewe ni polipropilini, plastiki inayotengenezea hata ndoo. Ukiachwa juani miezi kadhaa hupukutika vipande vidogo vinavyoingia udongoni na mitaroni, na hivyo haviokoteki tena. Faida yake ni kutumika mara nyingi. Lakini oda ya kila siku ikija na mfuko mpya, faida gani hapo? Mpe bodaboda kikapu chako.