Tumbo la tetea kuvimba si lazima awe amejaa mayai

Wafugaji wengi huamini kwamba tetea akivimba tumbo amenona au amejaa mayai, hivyo huachwa hadi atage. Imani hiyo ina chanzo chake: tetea anayetaga tumbo lake hulegea na kupanuka kidogo. Lakini yai moja huchukua kama saa 25 kutengenezwa na kutoka. Mayai hayarundikani kwa wiki nzima. Uvimbe unaodumu mara nyingi ni maji, yanayotokana na kiini cha yai kumwagikia tumboni, saratani, au moyo na ini kudhoofika.

Jioni, kuku akiwa ametulia bandani, mshike taratibu umpapase kati ya ncha ya kidari na tundu la kutagia, kisha umlinganishe na mwenzake. Maji hutikisika kama kwenye mfuko. Yai lililokwama ni gumu, naye hujikakamua. Kidari kikichongoka huku tumbo limejaa, huo si unono hata kidogo. Anakonda.

Tafadhali usimtoboe mwenyewe kwa sindano. Daktari wa mifugo anaweza kuyapunguza maji ili kuku apumue, ingawa chanzo kikibaki hujaa tena. Akihema mdomo wazi au upanga wake wa kichwani ukigeuka zambarau, usingoje kesho.