Je, wajua? Kwa nini faili la CIA na kumbukumbu za Che havikutani

Tarehe 18 Oktoba 1965 CIA, shirika la ujasusi la Marekani, waliandaa ripoti ya siri kuhusu kuanguka kwa mwanamapinduzi Che Guevara. Hakuwa ameonekana hadharani Kuba tangu Machi, na kiongozi wa nchi hiyo, Fidel Castro, alikuwa ameshaisoma barua yake ya kuaga. Wachambuzi wakapiga hesabu zao: jamaa kakosana na Castro kuhusu uchumi, kawekwa kando.

Siku hiyo Che alikuwa mashariki ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akiwasaidia waasi na akiitwa Tatu.

Alikuwa amevuka kutoka Kigoma mwezi Aprili, ndevu kanyoa. Mwenzake Victor Dreke alikuwa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, yeye wa tatu. Waliomfuata nao wakapewa majina ya Kiswahili, ndiyo maana kulikuwa na Tembo na daktari mmoja aliyeitwa Siki. Naam, siki ile ya jikoni.

Basi kwa nini faili lile na kumbukumbu alizoandika Che kuhusu Kongo havifanani? Jasusi huandika kilichomfikia tu, na pengo hulijaza kwa kukisia. Mwishoni mwa Juni, Wakuba wanne waliuawa katika shambulio dhidi ya ngome ya jeshi ya mahali paitwapo Bendera, nyaraka zikaokotwa, na siri ya kuwepo kwa Wakuba ikavuja. Lakini kujua kwamba Wakuba wapo ni jambo moja. Kujua Tatu ni nani ni jambo jingine kabisa.

Che yeye aliandika baada ya kushindwa, akiwa amejificha katika ubalozi wa Kuba jijini Dar es Salaam. Kwa kawaida mwanamapinduzi akikaa kuandika hujipamba. Huyu anaanza kwa kukiri kwamba hii ni historia ya kushindwa, na hajiachi salama. Humo ndimo tunamokutana na dawa ya mganga waliyoitegemea wapiganaji wa Kongo: risasi haikudhuru mradi usiguse mali ya mtu, usiguse mwanamke, usiogope. Aliyekufa basi alivunja mojawapo. Nani angembishia mganga, na shahidi pekee ni maiti? Mambo ya namna hii hayanaswi na mtu anayesikiliza kutoka mbali.

Hata hivyo simwamini Che kwa kila neno. Alipokuwa akiandika alikwishajua mwisho, kwa hiyo Laurent Kabila, mmoja wa viongozi wa waasi, kutokuwepo mstari wa mbele kunasomeka kama dalili mbaya tangu mwanzo. Je, mwezi Mei Che alikuwa akiliona jambo hilo hivyo? Faili halina ujanja huo. Limekosea, kosa limebaki na tarehe yake.

Siku sita baada ya ripoti ile, Oktoba 24, Tatu alitimiza miezi sita Kongo. Siku hiyo hiyo jeshi la serikali liliivamia kambi yake, akakimbia na kupoteza akiba ya silaha.