Serengeti si lazima upitie Arusha

Wageni wengi, hata Watanzania wenzetu, huamini kwamba bila kufika Arusha huwezi kuingia Serengeti. Si kweli. Panda gari Mwanza, shika barabara ya lami ya Musoma, pita Magu na Lamadi. Baada ya kilomita 140 hivi unakutana na Lango la Ndabaka, kando kabisa ya barabara. Kutoka Arusha ni mbali zaidi, tena unakatiza Ngorongoro, ambako unalipia kupita hata kama huna haja ya kushuka kreta. (Kreta ni nzuri, sikatai.)

Ndabaka inakuingiza ukanda wa magharibi, upande wa Mto Grumeti wenye mamba wakubwa. Makundi ya nyumbu kwa kawaida hufika huko kati ya Mei na Julai, ingawa mvua ndiyo huamua. Ukitaka tambarare za Ndutu nyumbu wanakozaa Februari, hapo sawa, Arusha ina nafuu.

Basi la Musoma litakushusha getini, lakini kutembea kwa miguu kuingia hifadhini hairuhusiwi. Kodi gari Mwanza mjini, na kiingilio ulipe kwa kadi au namba ya malipo.