Mentoringi ya wanafunzi kwa wanafunzi chuoni ni kitu gani na mnaianzishaje

Mentoringi ya kimasomo kati ya wanafunzi ni hivi: mwanafunzi aliyeshapita kozi fulani na akaifaulu vizuri anakaa na wale wanaoisoma sasa hivi, kila wiki, muda uleule, semista nzima, anawasaidia waielewe na wajue pia inasomwaje. Wengi wakisikia hivyo wanasema aah si ndo diskasheni hiyo, mbona tunapiga kila siku. Hapana. Diskasheni ni nzuri, pale UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) ukipita kwenye vimbweta, zile meza na viti vya zege vya kusomea nje, karibu na UE (mtihani wa mwisho wa semista) utakuta vimejaa mpaka usiku, ila mle mpo watu wa mwaka mmoja mliokwama sehemu ileile, anayeongea sana ndo anaaminika na akipotea mnapotea naye wote. Menta yeye alishaipita njia hiyo.

Mfumo unaojulikana zaidi wa kitu hiki, unaitwa Supplemental Instruction, ulianzia Marekani 1973, chuo cha University of Missouri–Kansas City, ulianzishwa na mama mmoja anaitwa Deanna Martin, na walianza na wanafunzi wa fani za afya. Kitu kikubwa walichofanya, na mimi naona hapa ndo penye akili yote, waliacha kutafuta wanafunzi dhaifu wakatafuta kozi ngumu. Yaani kozi ambayo kila mwaka kama asilimia 30 ya darasa au zaidi wanapata D, F au wanaiacha njiani, hiyo ndo inawekewa menta, halafu mlango unakuwa wazi kwa kila mtu, mwenye A na mwenye D. Sasa jaribu wewe kubandika tangazo kwamba kuna kipindi cha wanaofeli uone kama kuna mtu atakuja, nani anataka aonekane anaingia humo? Lakini ukisema hii kozi ni ngumu kwa wote, watu wanakuja bila aibu. Baadae mfumo ukaenda Uingereza, Australia ambako wanauita PASS (yaani vipindi vya kusoma kwa kusaidiana na wenzako), na Afrika Kusini pia.

Kazi ya menta watu wanaikosea sana. Hatoi lekcha ya pili, hafanyi asaimenti za watu, hasahihishi wala hatoi maksi. Kwenye ule mfumo wa Missouri anarudi kabisa kukaa lekcha na wanafunzi ili ajue wiki hii wamefundishwa nini. Mtu akiuliza swali analirudisha kwa kundi. Mfano mko kwenye intigresheni, mmoja jibu halitoki, menta anamwambia njoo ubaoni utuonyeshe ulipofika, anaandika, kumbe amebadilisha x kuwa u lakini namba za juu na chini za intigrali ameziacha zilezile za x, na mwenzake aliyekaa nyuma anaiona kabla menta hajasema neno. Mhadhiri mwenye miaka 20 kwenye fani inawezekana hakumbuki tena kama watu wanajikwaa hapo, ila aliyeisoma mwaka jana anakumbuka vizuri sana.

Kuanzisha sasa. Chagueni kozi moja au mbili tu, nendeni kwa mkuu wa idara muangalie matokeo ya miaka ya nyuma, na mhadhiri wa hiyo kozi lazima akubali, asipokubali atahisi mnamfundishia darasa lake na hapo mmeshaharibu. Menta awe na A au B+ kwenye kozi hiyo, ila GPA peke yake haitoshi jamani, kuna watu vichwa kweli lakini ukimuuliza mara ya pili anakukunjia sura, huyo hafai. Kaeni nao siku mbili kabla ya kuanza muwafundishe kuuliza maswali, kunyamaza wakati watu wanafikiri (hii ni ngumu kuliko inavyoonekana) na kujua mwisho wao ni wapi, maana mtu atakuja na shida ya bum (hela ya kujikimu ya mkopo) halijaingia hajala tangu jana, au amefiwa, hiyo menta ampeleke ofisi ya mshauri wa wanafunzi asijibebeshe.

Kipindi kiwe mchana, wengi hawakai hosteli, anayerudi Mbagala au Kimara humuwekei kipindi saa mbili usiku. Kundi lisizidi watu kama 15. Muanze wiki ya pili au ya tatu, msisubiri tesiti ya kwanza, kozi yenye kosiweki (maksi za tesiti na asaimenti) 40 na UE 60 ukishachezea zile 40 unaenda mtihani na mzigo mgongoni. Na mentaz walipwe, hata posho ndogo na bando, huo ni muda wao.

Mwisho wa semista linganisheni waliohudhuria na wasiohudhuria, ila kwa uangalifu, kwasababu wanaokuja mara nyingi ni wale wanaojituma tangu zamani, kwahiyo angalieni na matokeo yao ya fomu six kabla hamjasema mradi umefanya kazi. Na menta wa mwakani tafuteni kabla chuo hakijafungwa, kati ya hawahawa waliokuwa wanakuja, mafinalisti wakishaondoka kuwapata tena ni kazi.