“Hound Dog” ulikuwa na mwenyewe kabla ya Elvis

Taja rock and roll ya mwanzo, utaambiwa Elvis Presley. Anayejitahidi ataongeza Bill Haley. Siwalaumu, ndio waliopigwa sana redioni. Ila ukianza kufukua santuri za miaka ile, mengi tuliyokariri yanapwaya.

Dhana: “Hound Dog” ni wimbo wa Elvis.
Elvis aliurekodi mwaka 1956. Big Mama Thornton alikuwa ameshauimba Agosti 1952 huko Los Angeles, na santuri yake ilipotoka 1953 ilikaa wiki 7 kileleni mwa chati ya R&B (rhythm and blues, muziki wa watu weusi). Zisikilize zote mbili kwa mfululizo. Kwa Thornton, huyo “hound dog”, yaani mbwa wa kuwinda, ni marioo, mwanamume anayenusanusa mlangoni akitafuta wa kumlisha, na mama anamtimua kwa sauti nzito huku gitaa likimchokoza. Elvis aliuchukua kama ulivyokuwa ukipigwa Las Vegas na Freddie Bell na bendi yake, ambao walishaingiza sungura kwenye maneno ya wimbo. Basi marioo akageuka mbwa kweli, tena asiyejua kuwinda! Kwangu mimi, utamu ulibaki kwa mama.

Dhana: gitaa la kukwaruza lilibuniwa miaka ya 60.
Kasikilize “Rocket 88” ya 1951. Bendi ya Ike Turner ilitoka Mississippi kwenda Memphis kwa gari, na amplifaya ya mpiga gitaa, Willie Kizart, ikafika imeharibika. Kuna wanaosimulia kwamba ilianguka kutoka juu ya gari, wengine wanasema ililowa mvua. Sam Phillips, mwenye studio, hakuahirisha kazi. Alijaza karatasi kwenye spika iliyochanika, wakarekodi hivyo hivyo. Gitaa likatoka nene, lenye mkwaruzo, karibu udhani ni saksafoni ya pili. Kibao kikapanda hadi nambari 1 kwenye chati ya R&B.

Kichekesho kiko kwenye lebo. Imeandikwa Jackie Brenston and His Delta Cats, bendi ambayo haikuwepo kabisa! Brenston alikuwa mpiga saksafoni wa Turner aliyepewa kuimba siku hiyo. Ndiyo maana anayeitafuta kwa jina la Turner huipita bila kuiona.

Dhana: upande wa pili wa santuri ni wa makombo.
“Rock Around the Clock” wenyewe, wa Bill Haley, ulitoka 1954 ukiwa upande wa pili wa “Thirteen Women”. Haukutikisa sana hadi mwaka uliofuata, filamu ya “Blackboard Jungle” ilipoanza nao. Geuza santuri, ndugu yangu.

Dhana: wanawake walikuja baadaye.
Thornton tumeshamtaja. Sister Rosetta Tharpe alirekodi “Strange Things Happening Every Day” mwaka 1944, wimbo wa dini huo, gitaa akilipiga mwenyewe, na ukaingia kwenye chati ya santuri za watu weusi. Naam, zilikuwa na chati yake peke yake, na vituo vingi vya redio vya wazungu havikuzigusa. Kwa hiyo kibao kingeweza kuvuma mtaa mmoja wa mji huo huo, na mtaa wa pili wasikijue mpaka mzungu akirudie. “Whole Lotta Shakin’ Goin’ On” tunauhesabia Jerry Lee Lewis, wa 1957. Big Maybelle aliutoa 1955. Wa kwake hauna papara, na sauti yake inakwaruza kuliko spika ya Kizart.