Unyumbufu wa umbo: jinsi mkondo na mwanga vinavyolifinyanga tumbawe ndani ya tangi

Kata tawi la Pocillopora, tumbawe la matawi, vipande viwili. Kimoja kibandike mahali pampu inapopuliza kwa nguvu, kingine kwenye kona iliyotulia ya tangi hilohilo. Baada ya mwaka utadhani ni aina mbili tofauti: cha kwanza kimeshikana, matawi mafupi na manene, cha pili kina matawi marefu, membamba, yaliyoachana. Vinasaba ni vilevile. Uwezo huu wa kiumbe kujijenga kulingana na mahali kilipo ndio unaoitwa unyumbufu wa umbo. Aliyewahi kuzamia kwenye miamba ya pwani ya Afrika Mashariki ameuona kwa macho. Upande unaopigwa na mawimbi ya bahari kuu hukaa matumbawe mafupi yaliyojibana, na kule nyuma ya mwamba, maji yanapotulia, matawi hujiachia.

Sababu iko kwenye ngozi. Tumbawe ni mnyama: polipu nyingi ndogo, yaani vijiumbe laini vyenye mdomo, zilizounganishwa juu ya kiunzi cha chokaa. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo sana uitwao zuzanthela, ambao mchana hutengeneza sukari kwa mwanga na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula. Kazi hiyo inahitaji kaboni iingie na oksijeni itoke. Usiku mambo hugeuka, oksijeni ndiyo inayotakiwa kuingia. Lakini maji yanayogusa ngozi hayasogei. Hubaki kama utando mwembamba, na kila kitu lazima kipenye humo polepole. Mkondo ukizidi, utando hupungua unene. Mkondo ukipungua, utando hunenepa na tumbawe huanza kukosa hewa huku limezungukwa na maji safi.

Kwa hiyo taa na pampu hazipangwi kila moja kivyake. Mwanga ndio unaoongeza mahitaji, mkondo ndio unaoyafikisha. Mtu akinunua taa kali zaidi na kuiacha pampu ileile, oksijeni hurundikana ndani ya nyama saa za mchana, hudhuru seli, na tumbawe hufukuza mwani wake na kubaki jeupe. Taa hulaumiwa, ingawa mara nyingi mwanga uleule ungevumilika kama maji yangekuwa yanasogea vizuri.

Kwa mwanga, kipimo kinachofaa ni PAR, yaani kiasi cha mwanga unaotumika katika usanisinuru, kwa mikromoli kwa mita mraba kwa sekunde. Wati za taa hazikuambii kitu. Matumbawe laini huridhika na 50 hadi 100, yale yenye polipu kubwa na nyama nene 75 hadi 150, na ya matawi kama Acropora 200 hadi 350, kwa saa 8 hadi 10 kwa siku. Mwanga hafifu hulifanya tumbawe litandaze sahani bapa ili lisipoteze miale. Tumbawe liitwalo Turbinaria linaonyesha hili waziwazi: kwenye kina kirefu hulala kama sinia, karibu na uso wa maji hujikunja na kusimama, sehemu moja ikiikinga nyingine. Rangi nayo husema. Tumbawe linalogeuka kahawia mara nyingi limeongeza zuzanthela, ama kwa uhaba wa mwanga ama kwa wingi wa virutubisho majini.

Kwa mkondo watu hupenda hesabu ya mzunguko: lita zinazosukumwa kwa saa, gawanya kwa ujazo wa tangi. Mara 10 hadi 20 hutosha matumbawe laini. Ya matawi hutaka mara 20 hadi 40 au zaidi. Tangi la lita 200 lenye Acropora lingehitaji basi pampu za mkondo zenye jumla ya lita 4,000 hadi 8,000 kwa saa. Ni mahali pa kuanzia tu, maana hesabu hiyo haijui kama maji yanafika kwenye tumbawe. Afadhali kupima kasi yenyewe. Dondosha chembe chache za chakula, pima mwendo wa sentimita 30 karibu na koloni, yaani tumbawe zima, hesabu sekunde. Sekunde 2 ni sentimita 15 kwa sekunde, kasi nzuri kwa matawi. Sekunde 10 ni sentimita 3 kwa sekunde, kasi ndogo mno kwao, japo uyoga wa tumbawe, jamaa laini wa matumbawe, hautalalamika.

Mwelekeo una uzito kama kasi. Mkondo wa upande mmoja tu huzaa koloni iliyoinama upande mmoja. Weka pampu mbili kwenye kuta zinazotazamana, zipokezane kila baada ya sekunde au dakika kadhaa, na zisielekezwe moja kwa moja kwenye tumbawe lililo umbali wa sentimita chache. Mpulizo wa namna hiyo huichuna nyama ukaacha mfupa mweupe upande ule ule unaopigwa. Kosa la kinyume ni uchafu kutua katikati ya matawi. Nyama chini yake huoza, mwani wa nyuzi hushika pale, na kuuondoa ni kazi ya miezi.

Kuna tatizo ambalo huja kwa sababu mambo yamekwenda vizuri. Koloni ikinenepa huzuia maji yake yenyewe na kujitia kivuli, kisha matawi ya ndani hufa kuanzia chini ilhali ncha zinapendeza. Pampu iliyotosha kipande cha sentimita 3 haitoshi koloni ya sentimita 20. Punguza matawi au ongeza nguvu. Pampu nayo hujifunga kwa chokaa na kudhoofu bila kelele. Kila miezi 3 iloweke kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, saa moja, kisha isuguliwe na kusuuzwa.

Ukibadilisha taa, anza na nusu ya nguvu uliyokusudia na upandishe asilimia 5 hadi 10 kwa wiki. Mkondo uongeze kabla ya mwanga. Ukuaji ukishika kasi, kalsiamu na alkalini (akiba ya kaboneti majini) hutumika haraka, kwa hiyo vipime kila wiki: kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, alkalini 7 hadi 9 kwa kipimo cha dKH. Bila hivyo hakuna cha kujengea kiunzi, hata taa iwe nzuri vipi.

Unyumbufu una mipaka ya aina: tumbawe ubongo, lile la mviringo, halitageuka kuwa mti. Na kiunzi kilichokwisha kujengwa hakibadiliki. Ukihamisha koloni, sehemu ya zamani itabaki ilivyokuwa, na jibu la mahali papya litaonekana kwenye ncha na kingo mpya tu, baada ya miezi 2 au 3. Anayelihamisha kila wiki akitafuta nafasi bora hasubiri hata jibu la kwanza.